Kichwa Upande wa Madhabahu

Maiti ya Noel Farrow ilikaa chini ya sakafu ya Kanisa la Mtakatifu Botolph tangu Septemba mpaka Novemba, na watu wa Thornby Marsh wakawa wanaikanyaga kila Jumapili wakienda kupokea ushirika. Hilo ndilo lililowakera kuliko yote. Kwamba mtu ameuawa kijijini kwao walilimeza upesi, wakaongezea na chai. Lakini kwamba walipita juu yake na vitabu vyao vya sala mkononi, hilo liliwakwama kooni.

Pale Thornby tanuri la kanisa haliwashwi kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, hata watu wagongane meno. Mwaka huu lilipowashwa, hewa ya moto ilipita kwenye mfereji uliochimbwa chini ya njia ya katikati, ikapanda kupitia nyavu za chuma zilizofunikwa kwa mkeka, na kabla zaburi ya pili haijaisha bibi mmoja akatoka mbio ameziba mdomo. Amos Peddar, mchimba makaburi ambaye pia ndiye mwasha tanuri, aliung'oa mkeka, akanyanyua wavu, akaona viatu. Hakungoja kuona zaidi. Wiki haijaisha, yeye mwenyewe alikuwa mahabusu.

Kesi ilimfikia Inspekta Wilfred Garland ikiwa imeshapikwa na kupakuliwa. Farrow alikuwa mgeni, fundi wa michoro ya kale aliyekuja kukwangua chokaa ukutani ili picha ya zamani ionekane. Amos aligombana naye baani, akasema mbele ya baa nzima kwamba atamfukia kwa mikono yake. Siku chache baadaye Farrow hakuonekana tena, watu wakadhani amefungasha virago. Sasa amepatikana, shingo imevunjika na fuvu limepasuka, mahali ambapo Amos ndiye mwenye desturi ya kupafungua. Mkuu wa polisi wa jimbo alisema kwa simu kwamba Jumatatu Amos apelekwe mahakamani asomewe shtaka la kuua. Kutoka hapo ni majaji wanaozunguka majimbo majira ya baridi, na kutoka kwa majaji ni kitanzi.

Garland hakubisha kwenye simu. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiyependa kelele. Lakini siku ile ya kwanza alikuwa amelala kifudifudi juu ya sakafu ya kanisa na tochi yake, akaona jinsi maiti ilivyolazwa: chali, mikono imekunjwa kifuani, kichwa mashariki. Hakumwambia mtu. Alituma picha ya marehemu kwa nyumba ya askofu, kisha akaenda kuzungumza na Amos.

"Umeshakula?" alimuuliza.

"Nimekula mpaka nimechoka, bwana inspekta. Wananinenepesha kama bata wa Krismasi." Amos alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mbao, mikono yake mikubwa imelala mapajani haina kazi. "Na bata tunajua mwisho wake."

"Ulimtishia Farrow."

"Nilimtishia, ndiyo. Alisema makaburi yangu yamepinda. Mbele ya watu! Ulitaka nimwambie ahsante?"

"Ulisema utamfukia."

"Mimi si namfukia kila mtu? Ndiyo kazi yangu. Hata wewe ukianguka hapa leo nitakufukia vizuri tu, na sina ugomvi na wewe."

Garland aliketi. "Nieleze kazi yako basi. Ukimzika mtu, kichwa chake unakiweka wapi?"

Amos alimkata jicho. "Afande, wewe si Mkristo? Kichwa magharibi, miguu mashariki. Siku ya kiyama akisimama awe ametazama kule Bwana anakotokea."

"Watu wote?"

"Wote, ukitoa makasisi. Hao unawageuza. Kasisi kichwa mashariki, ili akisimama awe ametazamana na kondoo wake. Madhabahu iko mashariki, kwa hiyo hata jeneza likiletwa kanisani ni hivyo hivyo. Wewe na mimi, miguu kwa madhabahu. Kanoni wetu akifa, kichwa kwa madhabahu."

"Na ukiwa umelewa?"

"Nimezika nimelewa mara nyingi tu, ila usimpelekee Kanoni maneno. Sijawahi kumgeuza mtu. Mkono unajua wenyewe."

Hakuna jipya katika hayo. Garland aliimba kwaya utotoni, akasindikiza majeneza mengi kuliko alivyopenda. Alichotaka ni kuona yanavyotoka mdomoni mwa Amos, na yalitoka bila kusita.

"Farrow alikuwa nani, kwa unavyojua?"

"Mkwangua chokaa. Mdomo mrefu. Kama alikuwa kitu kingine, alikificha vizuri."

Garland aliinuka. Amos naye akaacha utani. Sauti yake ilishuka.

"Wataninyonga, bwana inspekta?"

"Jumatatu utasomewa shtaka."

"Sikukuuliza hilo."

Garland aligonga mlango afunguliwe.

Nje, Sajini Tubb alikuwa anamngoja kando ya gari, uso umemwiva kwa baridi na kwa habari aliyoibeba. Tubb hakuwa na uso wa kuficha kitu.

"Nyumba ya askofu wamepiga simu, afande. Farrow si Farrow. Ni Noel Stanier, kasisi. Katibu wa askofu aliiona picha akamtambua pale pale. Alihudumu Holm Haven, kule bandarini, akavua kanzu kabla ya vita, kisha akapotea."

"Nani mwingine ana habari hii?"

"Katibu, mimi, na sasa wewe."

"Iishie hapo. Mkuu asiipate, Kanoni asiipate, wala mkeo."

Tubb alikuna shingo. "Sasa inatusaidia nini? Amos anaweza kumuua kasisi kama anavyoweza kumuua fundi."

"Anaweza. Ila Amos alimjua kama fundi, na fundi angemlaza kama fundi. Mfereji ule unafungukia kwenye njia ya katikati, na mtu akiburutwa kwa makwapa kutoka kule kwenye ukuta wake, kichwa kitaingia magharibi. Kumwingiza mtu namna ile, kichwa mashariki, lazima kwanza umzungushe mzima pale sakafuni. Mwuaji ana maiti mikononi, mlango unaweza kufunguliwa wakati wowote, na bado anahangaika kuigeuza. Kwa nini?"

"Kwa sababu alijua ni kasisi," Tubb alisema polepole.

"Na hakuweza kujizuia. Tumtafute aliyejua."

Walimkuta Kanoni Aubrey Lisle, kasisi wa parokia, kanisani, chini ya tao linalotenga ukumbi na madhabahu. Kiunzi cha mbao cha Farrow kilikuwa bado kimesimama. Juu yake, mahali palipokwanguliwa, palionekana Siku ya Hukumu kama ilivyochorwa na watu waliokufa zamani: waliookoka upande mmoja, upande wa pili mashetani wakiwasukuma wenzao kwenye mdomo wa samaki mkubwa. Malaika mmoja alikuwa na nusu ya uso. Nusu nyingine ilikuwa chini ya chokaa bado.

Kanoni alikuwa mrefu, amekonda, na mikono yake haikutulia. Garland alimtazama akiivua miwani na kuivaa tena.

"Funguo za kanisa ziko kwa nani?"

"Kwangu, kwa Amos, na kwa Bi Crale, mzee wetu wa kanisa."

"Farrow uliletewa na nani?"

"Mimi mwenyewe. Aliniandikia akiomba kazi. Askofu... askofu alikuwa na habari."

"Nyumba ya askofu hawana habari ya ukuta wowote kukwanguliwa Thornby."

Miwani ilianguka. Tubb aliiokota. Kanoni alikaa kwenye benchi la mbele, jasho limemtoka ingawa mtu angeweza kuona pumzi yake, na kwa muda kidogo Garland aliamini kwamba amempata mtu wake.

"Sikuomba kibali," Kanoni alisema. "Ukuta wa kanisa haupigwi hata msumari bila kibali cha mahakama ya askofu, na mimi nimemwachia mtu aukwangue mzima. Ningeomba, wangetuma mtaalamu, mtaalamu angetaka mtaalamu mwingine, nami ningekufa sijaiona picha. Nikaanza kimya kimya. Hilo ndilo kosa langu, inspekta. Kosa la kuua si langu."

"Farrow alionekana mara ya mwisho mwishoni mwa Septemba, siku chache kabla ya Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Ulikuwa wapi?"

"Hospitalini mjini. Nilipasuliwa nyongo. Mwezi mzima nilikuwa kitandani."

Tubb alitoka kwenda kupiga simu hospitalini. Aliporudi aliitikia kwa kichwa. Kanoni alikuwa kitandani kweli, na muuguzi alimkumbuka kwa malalamiko yake.

"Umerudi na mwili dhaifu," Garland alisema, bila ukali sasa. "Kanisa la baridi namna hii litakumaliza."

"Nusura linimalize kweli. Tulikaribia kutowasha tanuri kabisa mwaka huu. Bi Crale alisimama kwenye baraza la kanisa akashika msimamo: paa linavuja, tubane matumizi, watu wavae makoti. Nilimkatalia. Ndiyo mara ya kwanza kumkatalia jambo."

"Ni mtu wa kubana siku zote?"

"Bi Crale? Miaka yote yeye ndiye wa kwanza kunisumbua tanuri liwashwe mapema. Nilishangaa."

Garland naye alijifanya kushangaa kidogo tu. "Ni mtu wa hapa hapa?"

"Amekuwa wa hapa. Alikuja wakati wa vita kutoka pwani. Holm Haven, kama sikosei. Hakuna anayelijua kanisa hili kama yeye. Shaba zote hizi anazisugua mwenyewe, Jumamosi kwa Jumamosi."

Tubb alifungua mdomo. Garland alimkanyaga kiatu.

"Farrow hana ndugu," Garland alisema. "Unamzika lini?"

"Kesho, baada ya sala ya asubuhi."

"Jeneza lake liletwe leo mchana, lilale kanisani. Miguu kwa madhabahu."

Kanoni alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Bila shaka. Kwani kuna namna gani nyingine kwa mtu kama yule?"

Walipofika nje, Tubb alishindwa kujizuia. "Afande, tumkamate! Ametoka Holm Haven, hakutaka tanuri liwashwe, ana ufunguo. Unangoja nini?"

"Nimkamate kwa kuogopa gharama ya makaa? Mkuu atanicheka mpaka alie. Kutoka mji mmoja na mtu si kosa, Tubb. Nataka kuona kwamba anajua kile ambacho hapa kijijini hakuna anayekijua."

Jeneza lililetwa mchana huo huo juu ya machela ya magurudumu ambayo parokia huitumia kwa mazishi, likaachwa mbele ya madhabahu, limefunikwa kitambaa cheusi. Kaskazini ya madhabahu kuna kikanisa kidogo, na katika ukuta wake mafundi wa zamani walitoboa tundu la mshazari ili watu waliokaa huko waone mkate ukiinuliwa. Garland alisimama kwenye tundu hilo, Tubb nyuma yake akipumulia kiganja ili mvuke usionekane.

Kanoni alipita kwanza. Alipiga goti, akasali kidogo kando ya jeneza, akakohoa, akaenda zake. Hakuona lolote la kumsumbua.

Kisha akaja Bi Honor Crale. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene wa mabega, kofia ya kijivu imebanwa sawasawa, kikapu cha vitambaa mkononi. Aliliona jeneza, akasimama. Kisha akaingia kazini. Alisugua kinara cha kwanza cha madhabahu, akasugua cha pili, na kila mara kichwa chake kiligeuka kutazama jeneza. Akakusanya vitambaa vyake. Akatembea mpaka karibu na mlango, na Garland alisikia mkono wake ukishika kitasa.

Kitasa hakikuzungushwa. Nyayo zilirudi, sasa kwa haraka. Bi Crale aliweka kikapu chini, akaachia breki ya machela kwa mguu, akaisukuma kwa mabega yake yale. Magurudumu yalilia. Aliizungusha machela nzima mpaka kichwa cha marehemu kikawa upande wa madhabahu, akakaza breki, akanyoosha kitambaa cheusi kilipokunjamana. Hakusali.

Garland alitoka kikanisani. "Bi Crale. Mbona umemgeuza?"

Hakushtuka. Labda alikuwa amechoka kushtuka.

"Wamemweka vibaya."

"Wamemweka kama anavyowekwa fundi wa kukwangua chokaa."

Bi Crale alimtazama, kisha akamtazama Tubb aliyejitokeza nyuma yake, kisha tundu la ukutani. Alilijua tundu lile kuliko wote wawili.

"Kumbe," alisema, akakaa kwenye benchi la kwaya.

"Ulimjua Holm Haven. Kasisi Stanier."

"Alikuja hapa na brashi zake na jina la kuazima, nami nilimtambua kabla hajavua kofia. Yeye hakunitambua. Nilimletea chai na keki kila alasiri nikimwangalia usoni, nikisema leo atanikumbuka." Alikuwa anaivua glavu yake kidole kimoja kimoja. "Nilikuwa na mdogo wangu, Lettice. Alifundisha Shule ya Jumapili. Stanier alimpa mimba, akamruka. Akamwita mwongo mbele ya mama yetu. Lettice akajitosa bandarini."

Tubb aliinamisha kichwa.

"Walipomtoa majini," Bi Crale aliendelea, "huyo huyo alisimama kwenye lango la makaburi na kanzu yake nyeupe, akatwambia kanuni hazimruhusu kumsomea sala mtu aliyejiua. Hata Baba Yetu hakusema. Tulimfukia upande wa kaskazini, wanakotupwa wasiosomewa sala, sisi wawili na mchimba kaburi, mama yangu akiimba peke yake mpaka sauti ikakata."

"Na siku ile ya Septemba?"

"Alikuwa juu ya ngazi. Nilimuuliza kama anamkumbuka Lettice Crale. Alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli. Kisha akasema, 'Crale? Kwani ulikuwa na ndugu?' Akaendelea kukwangua. Nikaivuta ngazi."

Garland alihisi huruma ikimpanda, na hakujaribu kuizuia. Alikuwa na dada yeye pia.

"Mizigo yake?"

"Nguo zake nilizichoma. Brashi nilizitupa kwenye kinamasi."

"Ulimchukia hivyo, kisha ukahangaika kumlaza kikasisi."

"Askofu alimwekea mikono kuwa kasisi. Hilo halifutiki, mtu awe mwema, awe mshenzi." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Yeye alimnyima Lettice haki yake. Mimi sikumnyima yeye ya kwake. Leo nimemwona amewekwa vile nikasema niondoke, niache, nifumbe macho. Sikuweza."

Garland alisogea karibu na benchi. Kisha akauliza lile lililomleta.

"Na Amos?"

Bi Crale aliikunja glavu, akaikunjua.

"Amos Peddar yuko mahabusu kwa ajili yako. Jumatatu wanamsomea shtaka. Yeye ndiye aliyekubebea masufuria ya chai ya parokia, yeye ndiye anayekusukumia theluji mlangoni pako. Ungemwacha anyongwe?"

"Nilikuwa nangoja."

"Ukingoja nini?"

"Kila asubuhi nilikuja nikapiga magoti pale kwenye mkeka, juu yake kabisa. Nikamwambia Mungu: ukitaka niseme, niambie, nitakwenda kusema saa hiyo hiyo. Walipomkamata Amos nikaja asubuhi na jioni." Macho yake yalikuwa makavu. "Hajasema na mimi neno tangu Septemba."

Ile huruma ikamtoka Garland, na kilichobaki kilikuwa hasira, tena hasira mbaya, kwa sababu aliona kwamba mama huyu hakudanganya hata kidogo. Alikuwa amengoja kweli. Angengoja mpaka asubuhi ya kitanzi, angekuja kupiga magoti, kisha angesugua shaba zake.

"Amos naye anangoja," alisema. "Amekaa kule seli anangoja mtu aseme. Ila yeye anakungoja wewe, na hajui."

Bi Crale aliinua mkono kama anayetaka kujibu. Mkono ulibaki hewani, halafu ukashuka ukashika ukingo wa benchi, na mabega yake mapana yakaanza kutikisika bila sauti yoyote. Tubb alisogea kumsaidia kusimama. Garland alikuwa tayari ameshafika mlangoni, anakimbilia simu ya nyumbani kwa Kanoni, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kijiji kile alikuwa anakimbia.